Kanga yangu iliyovunja posa hapa Maskati

Wakuu, kaeni vizuri. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Majina nimebadilisha, mnajua kwa nini.

Mimi ni mwanamke wa Maskati, wazee wangu wa Unguja, na ninapenda wanawake. Mpenzi wangu humu tumwite Zuhura. Tuna kagrupu ketu ka watu kama sisi, tunakutana Azaiba.

Basi grupu likaja na "solution". Niolewe na Fahad, mwenzetu, yeye anapenda wanaume. Tupate stara, familia zitulie, tuonekane kama watu wengine.

Mimi na Zuhura tukakataa. Kujificha nimezoea, lakini kuigiza mke wa mtu mpaka uzeeni, hapana.

Kwa hasira tukaenda mtaa wa Ghala, kwenye karakana ya kuchapa vitambaa, tukachapisha kanga doti moja:

SIFANANI NANYI WALA SIOMBI KUFANANA

Fundi hajui Kiswahili, akasifia rangi tu. Tukaikata, kipande changu, kipande cha Zuhura. Huo ndio uanaharakati wetu, chekeni tu.

Kumbe Fahad kashamwambia mama yake. Mama mtu akaja kuniposa kwa shangazi aliyenilea.

Natoka jikoni na sinia la halua, namkuta shangazi kajifunga kanga YANGU. Shangazi huyu mgeni akija huvaa gauni la zari! Anainama kumimina kahawa, maandishi yote yanamtazama mama Fahad.

Nyie mnawajua wanawake wetu na kanga. Mama Fahad akasoma, akarudia kusoma, akaweka finjani chini.

"Tumeshafahamu, bibi," akasema, akachukua buibui lake akaondoka.

Posa ikafa. Fahad akanipigia anacheka mpaka analia. Naye hakutaka, alikuwa analiogopa grupu!

Shangazi akaivua kanga, akaikunja taratibu.

"Kanga huuzwa doti, mwanangu. Kipande chengine anacho nani?"

Nikasema, "Zuhura."

"Nlidhani hivyo. Mwambie aje Ijumaa, nnapika biriani. Na aje nacho."

Mpaka sasa sijui alijua tangu lini, na sithubutu kumuuliza. Nilichojifunza ni kwamba ile stara niliyoambiwa nikaitafute kwa mume, nilikuwa nayo nyumbani siku zote.

Ijumaa ndiyo kesho. Zuhura tangu asubuhi anakipiga pasi kipande chake, na mimi nacheka peke yangu kama mwehu.

Haya, kanga yenu ingeandikwa nini? Tiririkeni.