Kumtafuta Robert wa Kanada

Mume wangu Everardo Bojórquez anakula kwa meno yake. Sote tunakula kwa meno, utasema, lakini yeye ndiyo kazi yake. Hapa Algodones, mji wetu wa mpakani, kila mlango wa pili ni daktari wa meno, na kila daktari ana mpiga debe wake barabarani. Wazee wa kizungu wakivuka mpaka asubuhi, na kofia zao na soksi zao nyeupe, hawajauliza hata njia, Everardo keshawafikia. "Meno, mama? Meno, babu? Eksirei bure, hakuna maumivu, bei poa!" Halafu anacheka. Mdomo wote unafunguka, meno juu na chini, meupe, yamepangana kama vigae vya bafuni. Anayagonga kwa ukucha. "Yametengenezwa humu humu kwa Daktari Villaescusa. Ya skrubu, yamefungwa kwenye mfupa! Shika kama huamini!" Kisha anamalizia na namba ya simu ya kliniki, anaiimba kwa pumzi moja. Hata usingizini anaiimba. Wenzake wakampa jina la Tabasamu.

Na yote ni uongo. Meno ya Everardo hayana skrubu hata moja. Ni meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, yamebandikwa kwa gundi ya dukani, kayatengeneza fundi mmoja wa kule San Luis. Yake ya kuzaliwa yaliisha ujanani, alipokuwa akikata saladi mashambani, dawa ya jino ikiwa koleo na chupa ya pombe kali. Siku alipokwenda kuomba kazi, daktari alimtazama mdomoni akasema, "Kazi safi hiyo, nani kaifanya?" Everardo, kwa kuitaka kazi, akajibu ni meno ya kupandikizwa, kawekewa Tijuana. Daktari akampiga begani. "Basi waambie tumeyaweka sisi. Nani atauliza?" Na kweli hakuna aliyeuliza.

Mimi Eulalia, mkewe, Lala kwa kifupi, nauza burrito, chapati za kukunjwa zenye nyama kavu, kwenye foleni ya watu wanaorudi ng'ambo. Tulioana wote wawili tukiwa wajane, watu wazima na mvi zetu. Sharti lake lilikuwa moja tu, bafuni kuwe na komeo. "Mwanamume anahitaji mlango, Lala," aliniambia. Nikasema sawa. Wiki ya pili tu nikasikia kitu kinalia ndani ya glasi, kling, kling, na asubuhi kabla sijafumbua macho, yeye keshaamka keshajifungia. Mimi si mjinga. Nilijua, nikajifanya kiziwi, nikadhani ndiyo kumtunzia heshima.

Basi mwaka huu, wakati wa baridi, wageni wamejaa mji mzima, taya lake la kulia likavimba. Likawa jekundu, likawa la moto. Akajikaza kisabuni, anayasukumiza meno mahali pake kila asubuhi, namsikia nyuma ya mlango anaguna kama mtu anayenyanyua gunia. Akitoka, machozi yamekauka usoni, kacheka tayari.

"Everardo, hilo si taya, hilo ni embe."

"Upepo tu, mke wangu."

"Upepo gani wa upande mmoja?"

Akatia pamba masikioni. Mwenye duka la dawa akampa vidonge, uvimbe ukashuka, ukarudi mkubwa zaidi. Safari ya pili yule mwenye duka akakataa kabisa. Akasema, "Sikupi tena mpaka upigwe picha. Hujui kilichomo humo."

Sasa picha apigwe wapi? Kwa Villaescusa haiwezekani. Skrubu kwenye eksirei inang'aa kama msumari juani, na yeye hana. Kliniki nyingine yoyote wataandika jina lake, na kabla ya chakula cha mchana barabara nzima imelisoma. Jamani, nyie hamuwajui wapiga debe wa meno. Mmoja alijikwaa mbele ya kanisa miaka hiyo, mpaka leo anaitwa Padri.

Ndipo akapata wazo lake. Mwisho wa barabara ilifunguliwa kliniki mpya, wafanyakazi wote wageni kutoka Mexicali. Wazungu wanapigwa picha bure, na hawaulizwi kitambulisho, jina tu. "Nitakwenda kama mzungu," akasema. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshanunua kaptula.

Tulikwenda saa ya chakula, wapiga debe wenzake wakiwa wanakula. Kaptula, kandambili na soksi, miwani myeusi, kofia imeshushwa hadi puani. Nilikuwa naona haya kutembea naye, nasema kweli, na nikaona haya kwa kuona haya. Mapokezi akatamka, "Robert. Kanada." Wakamwandika.

Msichana wa eksirei, Dayanara jina lake, alikuwa na tabasamu la mtu aliyeanza kazi juzi. Alimsemesha Kiingereza kirefu. Everardo Kiingereza anacho cha barabarani tu, basi akamjibu kile alicho nacho. "Hakuna maumivu, rafiki! Bei poa!"

Dayanara akamtazama, akanitazama mimi, akahamia lugha yetu taratibu.

"Haya, babu. Vua kofia. Vua miwani. Na mkufu. Chochote cha chuma kinaharibu picha."

Akavua. Kila anachovua, mzungu anapungua. Akabaki Everardo wangu, na kaptula.

"Na meno pia, babu, kama yanatoka."

Everardo akanigeukia, uso umemwiva. "Lala, toka nje."

Mimi sikukataa kwa ubaya. Nilikuwa nimechoka kumsikia akiguna nyuma ya mlango, hasira zikanipanda, ulimi ukatangulia. "Nitoke niende wapi? Kwani mimi sijui? Najua tangu wiki ya pili! Toa meno upigwe picha, mwanamume wewe!" Nikamnyoshea karatasi ya kufungia burrito ayaweke.

Hakuipokea. Aligeukia ukutani kama mtoto anayeadhibiwa, akainamisha kichwa, mabega yakatikisika, akayatoa. Akayatia mfukoni mwa shati lake yakiwa hivyo hivyo na mate. Alipogeuka, uso wake ulikuwa mfupi. Sijui niseme vipi, mdomo uliingia ndani, kidevu kikapanda. Alikuwa mzee mwingine kabisa. Hakunitazama. Akaweka kidevu kwenye mashine, ikamzunguka kichwa ikilia kama nyuki, ikakoma.

Mimi nikatoka kwenye korido, aibu imenibana. Nikamsikia Dayanara akisema, "Picha iko tayari, babu. Siku hizi hatutoi karatasi, tunatuma kwenye simu. Nikutumie namba gani?" Na nikamsikia Everardo, bila meno, anatafuna maneno, akaitaja namba kwa pumzi moja. Sikushtuka. Namba ile naisikia mchana na usiku, masikio yangu yameizoea.

Njiani aliniambia jambo moja tu. "Miaka yote hii ulikuwa unanitazama mdomoni ukinicheka moyoni."

"Sijakucheka hata siku moja."

"Kila nilipokwambia yametengenezwa kwa daktari, ulikuwa unanicheka."

Usiku ule alilala kanipa mgongo, meno mdomoni.

Kesho yake asubuhi nilikuwa napitisha sinia langu mbele ya kliniki ya Villaescusa. Wapiga debe wote wako pale kwenye benchi wanaota jua, Everardo katikati yao na skafu imemfunika hadi mashavuni. Daktari akatoka barabarani na koti lake jeupe, simu mkononi.

"Vijana, njooni mwone hii. Imeingia jana kwenye namba yetu. Robert, Kanada. Nimepiga namba iliyotuma, ni ya humu mjini, lakini haipokelewi, ni ya mashine."

Namba. Mtu kaulizwa namba ya simu, kataja ile anayoitangazia barabara nzima kila siku. Nikamtazama Everardo, naye midomo yake ilikuwa inatembea kimya, anairudia namba, na nikaona pale pale alipoelewa.

Daktari akaikuza picha kwa vidole viwili. "Hakuna jino hata moja. Lakini chini kulia tazameni, mizizi miwili imebaki, imeoza. Huu weusi ni usaha, unakula mfupa. Huyu mtu hafai kukaa hivi hata siku chache, ukishuka shingoni utamziba pumzi."

Tacho, mpiga debe ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akaichungulia. "Loo! Hili taya au kiatu kikuukuu?"

Wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Huyo mkewe humbusu wapi?"

"Humbusu kisogoni!"

Na mimi nimesimama pale na sinia kichwani. Lakini lililoniua si maneno yao. Everardo naye alicheka. Ilibidi acheke, Tabasamu asipocheka watamuuliza ana nini. Alifungua mdomo wake wote, meno yote nje, akacheka taya lake mwenyewe mkononi mwa daktari, na jasho linamtiririka kwenye baridi ile.

"Tabasamu," daktari akasema, "hii kazi yako. Hakuna anayewajua wageni kama wewe. Nitafutie Robert. Yuko humu mjini, picha imepigwa hapa hapa. Atakayemleta, chakula cha mchana juu yangu."

Basi mji ukaingia wazimu. "Robert! Robert wa Kanada!" kutoka lango la mpaka hadi duka la mwisho la miwani. Wakapatikana akina Robert chungu nzima. Tacho alimkokota mmoja wa Arizona, meno yote anayo, alikuja kununua dawa ya presha. Mwingine alidhani anakamatwa, akainua mikono juu. Everardo naye alikuwa humo humo barabarani, anaita, "Robert! Robert!" kwa sauti inayokatika, mkono umeshika taya. Nilimwona akimsimamisha mzee mmoja, akamwuliza jina kwa adabu zote, kama vile kweli hajui Robert yuko wapi.

Jua lilipopanda akaja kwangu kwenye mkaa, akakaa juu ya ndoo. Skafu ilikuwa imelowa. Alikuwa anatetemeka.

"Homa hiyo, Everardo."

Akaivuta skafu hadi masikioni.

"Everardo, Robert atakufa."

"Acha afe," akasema. "Afadhali afe kuliko aingie pale."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kwenda mwenyewe kwa daktari nikamwambie, nilishaanza kuinuka. Lakini nilikuwa nimeshamvua nguo mara moja mbele ya mtu, sikuweza kumvua mara ya pili. Nikageuza burrito zangu, machozi yanadondokea mkaani.

"Robert ana mke," nikamwambia. "Huyo mke hamcheki. Huyo mke akisikia ile glasi inalia bafuni anajua mumewe yuko nyumbani, anapata usingizi."

Alikaa pale mpaka burrito zikaungua upande mmoja. Kisha akasimama, akafungua skafu, akaikunja, akaniwekea begani. Akaelekea kwenye kliniki. Nikaacha mkaa, nikaacha sinia, nikamfuata.

Tacho akamwona kutoka mbali. "Tabasamu! Umempata?"

"Nimempata."

"Yuko wapi?"

"Twende ndani."

Si unajua chakula cha bure, wote wakaingia nyuma yake, wanasukumana. Mapokezi palikuwa na bibi wawili wa kizungu wanasubiri zamu. Daktari akatoka, anachungulia nyuma ya Everardo, anamtafuta mtu mrefu mweupe.

"Mgonjwa wangu yuko wapi?"

Everardo akanitafuta kwa macho kati ya watu, akaniona. Akainama kidogo, akatoa ya juu, akatoa ya chini, safari hii hakugeukia ukuta. Uso ukaingia ndani mbele yao wote. Bibi mmoja wa kizungu akashika mdomo wake.

"Robert ndiye huyu, daktari," akasema, na maneno yalitoka mapana, yana hewa, kama ya mtoto anayeanza kusema.

Hakuna aliyecheka. Daktari alikuwa mwekundu mpaka masikioni, maana ni yeye aliyemwambia awaambie watu yametengenezwa humo. Tacho alikuwa anatazama viatu vyake. Nadhani alikuwa anakumbuka kile kiatu kikuukuu.

"Karibu ndani, Bwana Bojórquez," daktari akasema mwishowe, na mpaka siku ile hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Akamshikia mlango.

Everardo akasita mlangoni. Akaninyoshea mkono, meno yake kiganjani, juu na chini, mbele ya barabara nzima.

"Nishikie, Lala."

Nikayapokea kwa mikono yangu miwili. Yalikuwa bado na joto lake.