Simiti Niliyoifufua kwa Maji

Nakumbuka adhuhuri moja ya Januari, mwanangu. Ilikuwa Kitale, miaka ya themanini. Nilikuwa kijana mjuaji kutoka Bumula, nikifanya kazi chini ya fundi Wekesa wa Naitiri. Tulikuwa tunatandaza mawe bapa katika ua wa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga, na Jumamosi angetoka hospitali na mkongojo. Ua ule ulitengenezwa kwa ajili yake, apate kuota jua bila kujikwaa.

Alhamisi fundi alienda matangani. Akaniambia, "Jua likiwa kali usijaze simiti katikati ya mawe. Ngoja lipungue. Mawe unyweshe maji kwanza, halafu ufunike na magunia yenye maji. Umesikia?"

Kusikia nilisikia. Lakini nilitaka arudi akute kazi imeisha, anisifu. Saa saba mchana mawe yalikuwa yakichoma magoti, na simiti ikaanza kushikana ndani ya karai. Badala ya kuitupa nikainyunyizia maji, nikaikoroga, ikalainika tena. Nikajaza. Magunia sikuyagusa. Jioni ua ulipendeza sana, nami nikajipongeza, maana ujana nao una mambo yake.

Ijumaa asubuhi nikakwaruza ile simiti kwa ukucha, ikatoka unga; mawe yangelegea yakikanyagwa. Fundi aliporudi akasimama mbali akatazama. "Wewe bana, ati umemaliza?"

Nikasema ndiyo. Kutwa nzima nikawa nafagia ule unga kwa siri, nikimwona yule mama akianguka kila nilipofumba macho.

Jumamosi gari likasimama getini. Mama mzee akashuka, mwanawe amemshika mkono. Nilipoona ncha ya mkongojo ikielekea jiwe la kwanza, nikapiga kelele, "Bibi, usikanyage! Nimeharibu!"

Fundi Wekesa hakunipiga. Alinipa patasi. "Toa yote. Jua halijaniudhi, kunificha ndiko kumeniudhi. Jana si nilikuuliza?"

Bibi akapitishwa mlango wa nyuma, nami nikachokoa yote, nikajaza upya jua lilipopungua, nikafunika na magunia yenye maji. Siku nne alikaa barazani akinichunga, na gunia likikauka tu ananyoosha mkongojo: "Kijana, pale, maji!" Siku ya tano akasimama ukingoni, akanitazama mimi, wala si fundi. "Sasa nipite?"

Nilipita mwenyewe kwanza, nikikanyaga kila mahali nilipojaza, ndipo nikasema, "Pita, Bibi."

Basi mwanangu, jua likiwaka, ngoja. Nywesha mawe, funika, na simiti iliyoanza kukauka itupe, usiidanganye kwa maji. Na ukishakosea, sema mara moja, wakati hasara bado ni aibu yako tu, kabla haijawa nyonga ya mtu mwingine. Mimi nilichelewa siku nzima, nikaokolewa na hatua moja.

Mungu akuepushe na haraka, aitulize mikono yako, na kila atakayepita juu ya kazi yako afike upande wa pili salama.