Damu Tuliyoishangilia

Nafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, na mwaka niliotimiza hamsini na moja nilitibiwa malaria mara tatu bila kuwa na malaria. Joto lilinishika darasani, chaki mkononi, jasho likashuka mpaka kiunoni, kisha nikatetemeka kwa baridi. Kipimo kilionyesha hakuna kitu. Muuguzi akaniandikia dawa hata hivyo. “Maman, hii ni malaria ya kujificha.” Nikameza. Masikio yakalia siku tano, na jasho likaendelea kama kawaida. Mara ya pili na ya tatu nikameza tena, mimi ninayechora mfuko wa uzazi ubaoni kila mwaka na kuwaeleza wanafunzi kwamba hedhi hukoma, na kwamba inapoelekea kukoma mwili huweza kuwaka moto bila homa. Nilijua. Lakini ya ubaoni ni ya ubaoni. Mtaani kila mtu ana elimu yake. Mume wangu aliambiwa na rafiki zake kuwa mwanamke akifika hapo hafai tena kitandani. Jirani alisema damu isiyotoka hupanda kichwani, ndiyo maana nimekuwa mkali. Mkali nilikuwa tangu utotoni, ila nani atakumbuka.

Hayo ya kwangu nayavumilia. Ya dada yangu ndiyo yananiuma hadi leo.

Dada yangu mkubwa anakaa mtaa wa Kasha. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na nane, na hedhi yake ilikuwa imekoma miaka sita nyuma. Jumapili moja aliniita kula. Nilikuta ua umejaa wamama wa kikundi chake cha sala, wote wamejifunga kikwembe, kitenge cha aina moja, sufuria mbili za sambaza, vile visamaki vya ziwani, bugali ya moto, na kuku aliyefungwa miguu tayari kupelekwa parokia kama shukrani. Nikauliza kuna nini. Dada akasimama katikati, uso unang'aa.

“Mungu alinikumbuka. Tangu mwezi wa pili bujana yangu ilirudi. Siku zangu zinakuya tena kama za mubinti.”

Wamama wakapiga vigelegele. Mmoja akamtaja yule bibi wa kwenye Biblia aliyezaa uzeeni. Wakaanza kuimba na kumzunguka, nami nikacheza. Naandika hili kwa hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu. Nilipiga makofi, nikatikisa mabega, nisiulize kitu, kwa sababu kwetu mdogo hamuulizi mkubwa wake habari za damu yake. Hata mimi nilipovunja ungo, si dada aliyenieleza. Alimwita shangazi, akatoka nje mpaka tulipomaliza.

Alipokwenda jikoni kuchukua sahani nilimfuata. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba damu inayorudi baada ya miaka sita si ujana, kwamba inaweza kuwa kitu kidogo au kitu kikubwa, na ni daktari tu wa kusema.

Akaweka sahani chini. “Uko na wivu. Ya kwako ilikauka, sasa unataka na ya kwangu ikauke.”

“Dada, hii kitu ndiyo ninafundisha.”

“Fundisha batoto ya batu. Mi haiko mwanafunzi yako. Toka.”

Hatukusemezana miezi minne. Nilipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Nilikwenda mara mbili, nikakuta mlango umefungwa na redio inaimba ndani. Shuleni, tulipofika kwenye somo la uzazi, niliwafokea wanafunzi wa nyuma waliokuwa wanacheka, tena hawakuwa na kosa kubwa.

Kisha akapiga yeye. Alisema neno moja tu, “Kuya.” Nikaenda mbio, nikamkuta amekaa juu ya mataulo, midomo imekuwa myeupe, hawezi kusimama bila kushika ukuta. Tukakodi taksi hadi hospitali. Daktari alipouliza damu ilianza lini, dada aliniangalia, nikajibu mimi. Hakutugombeza. Ningependa atugombeze. Alichukua kipande kidogo cha nyama ya ndani, kikatumwa kupimwa, tukasubiri majuma matatu. Ilikuwa kansa ya mfuko wa uzazi. Kwa jinsi alivyoona, bado haikuwa imetoka nje ya mfuko, na mfuko ulipaswa kuondolewa upesi.

Dada alikubali kwa sharti moja, wamama wa sala waambiwe ni apandisiti, ile ya kidole tumbo. Hakutaka waliocheza kumzunguka wajue walicheza kwa ajili ya nini. Nilikasirika, kisha nikakubali. Mdogo ni mdogo.

Siku ya nne baada ya kupasuliwa walikuja, wamama saba, na mapapai na thermos ya uji. Niliwadanganya vizuri kabisa, hata nikawaonyesha apandisiti iko upande gani. Wakasali. Kisha mmoja wao, mama aliyepita sitini, akainama karibu na kitanda akitabasamu kwa haya.

“Maman, hata mimi Mungu alinikumbuka. Ni majuma mbili sasa. Ukipona, tutatoa shukrani tena.”

Wenzake wakaanza kupiga makofi. Nikafungua mdomo, nikamtazama dada, nikaufunga. Nilimchukia wakati ule, na mshono wake bado mbichi tumboni.

Dada akajiinua kwa kiwiko, jambo alilokatazwa.

“Muache makofi.”

Wakaacha.

“Haikuwa apandisiti. Baliondosha mufuko yangu ya uzazi, ilikuwa na kansa. Ile damu tulishukuru, ile ndiyo ilikuwa bugonjwa.”

Yule mama alishika tumbo lake kwa mikono miwili, tabasamu bado halijamtoka usoni. Dada akanionyesha kwa kidevu.

“Huyu mudogo yangu aliniambia. Nilimufukuza. Kesho asubui utaenda naye kwa docteur. Na ukimufukuza, nitatoka mu hii kitanda, nikufuate mimi mwenyewe.”