Karani Hataki Kutoka

Harufu ya unga wa mbao ya mninga ilikuwa imeingia katika kila kitu nyumbani kwa shangazi yangu: katika mikeka, katika mito ya kulalia, hata katika maji ya mtungi. Mumewe, Bwana Sefu, alikuwa seremala, na chumba cha mbele cha nyumba yao, mtaa wa Gongoni mjini Tabora, ndicho kilichokuwa karakana yake. Alifariki mwanzoni mwa mvua, mwaka ambao nilikuwa sijatimiza miaka kumi, na vumbi lile likabaki juu ya meza yake ya kazi kama alivyoliacha, bila mtu kuthubutu kulipangusa. Siku ya nne baada ya maziko baba alinishika mkono, tukatoka kwetu Isevya, akanipeleka kwa dada yake huyo. Shangazi Zuhura hakuwa na mtoto, na sasa alikuwa ameingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi hangetoka nje ya nyumba yake ila kwa dharura. "Utakaa na shangazi yako, Tatu," baba aliniambia njiani. "Umchotee maji, utumwe dukani, umwondolee upweke." Nikaitikia vizuri, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu siku.

Sikuwa mtoto wa kukaa ndani. Asubuhi nilikwenda chuoni kusoma Kurani, na hiyo peke yake ilikuwa nafuu yangu. Nikirudi, siku yote iliyobaki ilikuwa ya kuta nne, mvua juu ya bati, na shangazi aliyekaa kwenye mkeka na nguo yake nyeupe ya eda. Nje mji mzima ulikuwa ukienda mahali. Enzi hizo za Mwingereza Tabora ilikuwa bado mji wa wapitaji kama ilivyokuwa enzi za misafara, ila sasa watu walipita kwa treni, ya Kigoma, ya Mwanza, ya pwani, na kila filimbi ya treni iliyolia nilihisi imelia tumboni mwangu. Nilisikia wenzangu wakicheza rede uchochoroni, nikijua kwa sauti nani kapigwa mpira na nani anabisha. Miguu yangu ilikuwa haitulii. Nilizunguka kutoka uani hadi karakana, kutoka karakana hadi uani, mpaka shangazi akaniambia kwa upole, "Kaa, mwanangu, unanitia kizunguzungu."

Katika karakana ndimo alimokuwa Karani. Alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na mwenyewe Bwana Sefu ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa alidai ndege huyo alinakili kila neno kama karani wa bomani. Tundu lake lilikuwa kubwa, la fito za mninga na nyaya, limening'inizwa kwa kamba kutoka kwenye boriti. Zamani halikuwa likifungwa. Kila alasiri Bwana Sefu alipoweka chini randa yake, Karani alitoka mwenyewe, akampanda begani, wakaenda pamoja uani kunywa chai. Tangu siku ya msiba alikuwa hajatoka. Mlango ulikuwa wazi, naye alijikunyata kwenye kona ya mbali akijinyonyoa manyoya ya kifua, na ngozi yake ilianza kuonekana, ya waridi, kama ya kifaranga. Lakini saa ile ile ya alasiri alisema. Alisema kwa sauti ya Bwana Sefu hasa, pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha mtu aliyevuta vumbi la mbao: "Zuhura, njoo uone!" Hivyo ndivyo marehemu alivyokuwa akimwita mkewe kila alipomaliza kiti au sanduku. Na kila mara shangazi aliinuka nusu kutoka kwenye mkeka, kisha akakumbuka, akakaa tena taratibu.

Nikaamua kumtoa. Nilijiambia nafanya hivyo kwa huruma, maana ndege alikuwa akikonda, na nadhani huruma ilikuwepo. Lakini kilichonisukuma zaidi ni kwamba sikuweza kuvumilia kumwona kiumbe aliyefunguliwa mlango akabaki ndani. Laiti mimi ningefunguliwa mlango wa nyumba ile kwa dakika moja tu! Nilipanda juu ya meza ya kazi nikapanga karanga kuanzia ndani ya tundu hadi kwenye kiganja changu. Alikula zile zilizokuwa ndani, za nje akaziangalia kwa jicho moja. Nilimwimbia, nikampigia mluzi, nikamwekea kioo cha shangazi mlangoni, akakigeuzia mgongo. Mwishowe nilifanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nasikia haya. Nilitoa kikombe chake cha chakula nikakiweka juu ya meza, nje, nikasema njaa itamtoa. Siku ya kwanza hakutoka. Siku ya pili alikaa chini kabisa ya tundu, mbawa zimelegea, na alasiri ilipofika hakusema lolote. Ukimya ule ndio uliomwinua shangazi. Alikuja karakana, mara yake ya kwanza tangu msiba, akaona kikombe kiko wapi.

"Nani kakiweka hapa?"

"Mimi, shangazi. Nilitaka atoke."

Hakunipiga. Alikirudisha kikombe ndani ya tundu, kisha akanigeukia. "Unataka huyu naye afe?" akasema. "Mwache atoke siku atakayotaka yeye." Akarudi kwenye mkeka wake, na mimi nikalia nyuma ya rundo la mbao mpaka kamasi zikanijaa vumbi.

Kesho yake, badala ya kutoka chuoni kurudi nyumbani, nilikimbia hadi stesheni bila ruhusa ya mtu. Nilikuwa nimekumbuka kwamba Bwana Sefu alikuwa akimletea Karani chikichi, yale matunda mekundu yanayokamuliwa mawese, yanayotoka upande wa Kigoma. Treni ilipoingia nilipita dirisha baada ya dirisha nikiomba chikichi kwa ajili ya kasuku, mpaka mama mmoja mnene akacheka, "Unamwombea kasuku? Haya, shika," akanitilia konzi moja katika ukaya wangu, ule mtandio wa chuoni. Nilirudi na madoa ya mafuta kifuani na uongo mdomoni, lakini Karani alipoyaona matunda yale alinyoosha shingo. Alikuja hadi kizingitini. Akachukua moja kwenye vidole vyangu, kwa adabu kabisa, akarudi nalo konani. Kwa majuma mawili mchezo wetu ukawa huo: kichwa nje, shingo nje, ukucha mmoja nje, halafu ndani tena. Nilihisi ningepasuka kwa kungoja.

Kilichomaliza kungoja huko hakikuwa ujanja wangu. Ilikuwa adhuhuri, mvua kubwa imetoka kukatika, mara nikasikia kuku wa jirani wakipiga kelele na kuona mende wakikimbia ukutani kutoka uani, makumi kwa makumi. Jirani yetu, Mama Kalunde, Mnyamwezi wa Goweko aliyeolewa mjini, alipaza sauti juu ya ua: "Bi Zuhura! Siafu! Tokeni!" Sakafu ya uani ilikuwa nyeusi na inakwenda. Nilimvuta shangazi mkono. Alisita mlangoni na nguo yake nyeupe, anaangalia uchochoro ambao hakuukanyaga kwa karibu miezi mitatu, na Mama Kalunde akamfokea, "Hiyo si dharura? Toka, mama!" Tukatoka. Ndipo sauti ya Bwana Sefu ikatufuata kutoka ndani, si kwa upole wa alasiri bali kwa kupasuka, tena na tena: "Zuhura, njoo uone! Zuhura!"

Shangazi alirudi ndani mbio. Siafu walikuwa wakishuka kwenye tundu kwa ile kamba. Nilimfuata hadi kizingiti cha karakana, nikamwona akipanda juu ya meza ya kazi, miguu mitupu katika lile vumbi, akatia mkono ndani ya tundu hadi begani. Karani alijibana konani akipiga mbawa, siafu wamekwisha kumfika kifuani pale palipokuwa wazi. "Sefu hayupo," shangazi alimwambia. Sikuwahi kumsikia akilitamka jambo hilo. "Hayupo, Karani. Toka, tuondoke." Ndege akamng'ata kidole gumba kwa nguvu zake zote, wala hakuachia, na shangazi naye hakuuvuta mkono kwa pupa, aliutoa taratibu, damu inatiririka, na Karani akatoka nje ya tundu lake akining'inia kwa mdomo kwenye kidole kile.

Tulikaa uchochoroni kwenye manyunyu. Mama Kalunde alimwaga majivu ya moto mlangoni, kisha akaja kumtoa shangazi siafu nywelini mmoja mmoja, na mimi nikawatoa wa Karani, ambaye sasa alikuwa begani kwa shangazi, amelowa na amekasirika. Shangazi alianza kucheka. Alicheka mpaka akalia, akafuta uso kwa mkono wenye damu, akasema, "Sefu angecheka sana leo." Kisha akanitazama, kama mtu aliyefungua mlango na anasubiri. Na mimi nikasema, "Shangazi, sasa naweza kwenda kucheza?"

Akasema nenda. Nikaenda mbio.

Karani hakuingia tena katika tundu lile. Alitembea nyumbani kwa miguu kama mzee mwenye nyumba, manyoya ya kifua yakaota tena, na wakati eda ilipokwisha alikuwa amejifunza kusema "Toka, tuondoke" kwa sauti ya shangazi. Baba alipokuja kunirudisha kwetu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika mlangoni. Shangazi aliishi miaka mingi baada ya hapo, nami nilimtembelea kila sikukuu, kila mara nikiwa na haraka. Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile, na sijui hata Bwana Sefu alizaliwa wapi, walikutanaje, wala kitu gani kilimchekesha. Waliojua wote wamekwisha kuondoka.

Siku hizi msiba una turubai na viti vya kukodi, na ikifika siku ya tatu kila mtu anatazama simu yake kujua basi linaondoka saa ngapi. Siwalaumu, hata mimi kutulia bado ni kazi. Ila nimejizoeza kurudi siku ya kumi hivi, nyumba ikiwa imenyamaza. Nakaa mkekani na mfiwa, nauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kisha nafunga mdomo, hata kama mguu unanitikisika wenyewe kutaka kuondoka. Wapo wanaolia. Wengi huanza kwa kucheka.