Jicho Moja la Mzee Changawa

Jerioth hakumwamini mtu. Maziwa ya dukani aliyanusa kabla ya kulipa, unga aliuchora alama kwa kidole kabla ya kwenda kiwandani Changamwe, na muuza maji wa Mishomoroni ilimbidi kwanza anywe kikombe kutoka kwenye mtungi wake mwenyewe. Majirani walimcheka, naye hakujali.

Kwa hiyo mzee Changawa alipohamia chumba cha mkabala na chake, akaanza kuchonga upinde uani, usingizi ulimpaa Jerioth. Mwaka wa fujo za Likoni Jerioth alikuwa mtoto, na mama yake alimbeba wakakimbilia kivuko, mshale umekwama mlangoni mwao. Kwake upinde haukuwa pambo la ngoma.

Tena mzee alikuwa na tabia ya kutisha. Akichonga kidogo, aliuinua upinde hadi usoni, akafumba jicho moja, akauelekeza kwenye mlango wa Jerioth. Akaguna, akachonga, akauelekeza tena. Jumamosi moja akatoa jiko la mkaa, sufuria ya maji yanayotokota na chupa ya mafuta. Jerioth alichungulia pembeni mwa pazia. Sumu ya mishale hiyo! Akampigia Rashad, mwenyekiti wa nyumba kumi.

"Njoo na askari," alinong'ona. "Huyu mzee atatumaliza."

Kungoja kulimshinda. Akatoka na ndoo tupu, eti anaenda kuteka maji.

"Mwanangu, hebu njoo unifae," mzee akamwita.

"Mzee, hiyo sufuria ni ya nini?"

"Ya mvuke. Tazama hapa." Badala ya kupita katikati, ugwe, ile kamba ya upinde, ulilalia upande. Mkono wa chini wa upinde ulikuwa umejisokota kama nguo inayokamuliwa. "Mjukuu wangu Dama analenga shabaha shuleni kwao. Akiuvuta ulivyo, ugwe utachomoka umpige usoni. Kutwa naupima kwa fremu ya mlango wako. Ploti nzima, hiyo ndiyo iliyonyooka."

Jerioth aliinusa chupa. Mafuta ya nazi. Aibu ikamshika, na hapo akakumbuka simu aliyopiga.

Mzee alikuwa ameshafungua ugwe. Akaupaka ule mkono mafuta, akaushikilia kwenye mvuke hadi ukalainika, kisha akausokota kinyume, ukapita unyoofu kidogo.

"Shika hapa kwa nguvu. Ukiachia kabla haujapoa, unarudi ulivyokuwa."

Jerioth akashika. Ndipo Rashad akaingia na askari wawili.

"Wekeni chini hiyo silaha!"

"Bado ina moto, wanangu," mzee akasema. "Sijui nani kanichongea, lakini muulizeni huyu. Ameiona kazi yangu, ndiye shahidi wangu."

Rashad akamkazia macho Jerioth. "Mama, si ndiwe uliyenipigia?"

Vidole vikamlegea.

"Usiachie," mzee akasema.

"Ni mimi," Jerioth akajibu huku machozi yakimtoka. "Nilikosea. Hana neno huyu mzee."

Rashad na askari waliondoka wakilalamikia jua. Jerioth na mzee wakabaki wameushika upinde mpaka ukapoa. Mzee akafunga ugwe, ukapita katikati sawasawa.

"Umenyooka," alisema. "Ahsante, mama."

Lile neno "mwanangu" lilikuwa limekwisha. Akauchukua upinde wake, akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie, akajifungia mlango mchana.