Mvua ya Kila Ijumaa

Mama Mvua alikuwa mhudumu wa ofisi shuleni: kufagia, kupiga deki, kuchemsha chai ya walimu. Jina hilo alilipata nchi mbili zilipotiliana saini mkataba wa utafiti wa hali ya hewa. Wakubwa walipeana mikono, wakapigwa picha, wakapanda magari yao wakaondoka. Kazi yenyewe ya kupima mvua ikamwangukia yeye, kwa kuwa pale shuleni ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kuchelewa.

Kwa miaka kumi na moja, kila siku saa tatu kamili asubuhi, alifungua geti la kituo kidogo nyuma ya shule, akakiinamia kipima mvua, akasoma, akaandika kwenye daftari. Mambo ya kukadiria hakuyataka. Siku moja mwalimu mkuu alimwomba sita nukta nane aifanye saba tu, yaishe. Mama Mvua alimtazama kama aliyeombwa figo.

Sasa, kila Ijumaa kipima kilikuwa na milimita mbili. Mbingu kavu, vumbi hadi puani, milimita mbili! Alishangaa, lakini kazi aliyopewa ni kuandika, si kushangaa. Akaandika.

Huko nchi rafiki, Profesa mmoja alizipokea tarakimu hizo akapagawa. Alitunga kitabu kinene juu ya mvua ya Ijumaa, na mishale ya upepo akachora. Daktari wa hali ya hewa wa huku nyumbani alikuwa na maelezo mafupi zaidi: yule mama anapika takwimu.

Basi ukaja ujumbe wa nchi zote mbili, watu kumi na wanne na vibendera viwili vya mezani, ukaketi kwenye chumba cha walimu. Mezani palikuwa na daftari, na kando yake cheti cha heshima ndani ya fremu. Daftari likionekana la kweli, cheti ni cha Mama Mvua. Likionekana la uongo, miaka kumi na moja inakwenda jalalani.

"Mama yangu," Daktari alisema kwa ule upole wa kuudhi, "sema tu. Ijumaa ulikuwa unachoka, unajazia, eti?"

"Sijajazia hata tone."

"Sasa mvua gani hiyo, inanyesha ndani ya kopo, nje hakuna?"

Machozi yalimlengalenga Mama Mvua, akayazuia, maana alivaa gauni lake la kazi, la bluu, kola imenyooshwa ikasimama, na hakutaka kulilowesha.

Mlangoni alisimama mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Chuma. Alialikwa kwa sababu uzio na geti la kituo alivitengeneza yeye. Kifua kipana, sauti nzito, na kijiweni hakuna aliyemshinda kuwacheka wanaume wanaofua nguo. Jasho lilikuwa likimtiririka. Alimtazama mkewe, akaitazama ile kola.

"Hiyo mvua," akasema, "ni mimi."

Profesa akafungua kalamu.

"Nafua gauni lake kila Ijumaa alfajiri, akishatoka kwenda kupiga deki. Naanika kule kituoni, ufunguo wa pili ninao. Waya naufunga juu ya hicho kikopo chenu. Pale kuna uzio, watu hawanioni. Saa mbili naanua, naukunja waya, napiga pasi."

"Si uliniambia unapeleka kwa dobi!" Mama Mvua aliruka kitini.

"Dobi gani, mke wangu? Dobi ni mimi."

Daktari hakukubali kirahisi. "Mume kumtetea mkewe si ajabu," alisema akifunua daftari. "Mwaka wa tano kuna Ijumaa tatu mfululizo, sifuri. Hapo mvua yako ilikwenda wapi?"

Chuma akakunja shati, akanyoosha mkono wenye kovu refu. "Niliungua kazini. Wiki tatu sikushika maji."

"Ukaniambia dobi kasafiri," Mama Mvua alisema polepole. "Nikafua mwenyewe, nikaanika dirishani."

Daktari alilifunga daftari kwa mikono miwili. Lilikuwa la kweli hadi tone la mwisho, la sabuni likiwemo. Akamwomba Mama Mvua radhi mbele ya wote, akamkabidhi cheti. Profesa alikitazama kitabu chake kinene, akacheka hadi miwani ikamdondoka, kisha akauliza kama sabuni ilikuwa ya unga au ya mche. Mkataba ukaongezwa kifungu: ni marufuku kuanika nguo kituoni. Chuma akatia saini chini ya vibendera viwili.

Ijumaa iliyofuata kipima kilikuwa kikavu. Mama Mvua akaandika sifuri, akaitazama, na moyoni akaikosa ile mvua yake. Alifunga geti, akapitia nyumbani. Chuma alikuwa mbele ya mlango, barabarani kweupe, anakamua gauni la bluu, na wenzake wa kijiwe kizima wamejipanga upande wa pili wakimpigia makofi na miluzi.

"Shika huku," alimwambia mkewe. "Waache wapige."

Akashika, wakakamua.