Mfuko Mweupe wa Kuchujia Kahawa

Binti yangu amerudi likizo kutoka Dar es Salaam na kifaa cha kioo kinachofanana na faneli, pamoja na pakiti ya karatasi nyeupe zilizokunjwa pembe. Anaiweka karatasi ndani ya kioo, anatia unga wa kahawa, kisha anamimina maji ya moto kidogo kidogo huku akinifundisha. Mama, usiwe na haraka. Mama, ulowanishe kwanza, subiri uumuke. Nikamwacha anifundishe, maana vijana wakigundua kitu hufurahi sana, na kuwaambia kwamba ulikijua kabla hawajazaliwa ni roho mbaya. Lakini harufu ilipopanda nikajikuta nimesimama, nimeishika ile karatasi na ninataka kuigeuza niitazame ndani. Akaniuliza ninatafuta nini. Nikamjibu sitafuti kitu. Wewe nitakueleza.

Nimekulia Kizwite, hapa Sumbawanga, lakini wazazi wangu walikuja kutoka Mbozi kwa ajili ya kazi ya baba. Alikuwa mtunza ghala la mahindi la shirika fulani la umma. Mtaani kwetu watu walikunywa chai, na wenye sherehe walikunywa pombe ya ulezi, sisi tukajulikana kama wale wa kahawa. Babu alitutumia kahawa kwa basi kila baada ya mavuno. Mama aliikaanga kwenye chungu hadi moshi ukajaza uwanja mzima, akaitwanga kwenye kinu, na jirani yetu, mama mmoja wa Kifipa mwenye utani mwingi, alikuwa akipaza sauti kutoka kwake kuuliza kama tunaunguza nyumba au tunapika.

Wengine wanaojua kahawa huichemsha. Mama aliichuja. Alijifunza kwa masista wa misheni alipokuwa msichana anayesaidia jikoni mwao. Alikuwa na kitambaa cheupe kilichoshonwa kama soksi fupi, kimepitishwa pete ya waya mdomoni, na mshono wake aliuweka upande wa nje ili machicha ya kahawa yasigande kwenye pindo. Aliloweka unga kwanza, akangoja, ndipo akamimina maji kwa mkondo mwembamba akizungusha birika. Nikiwa darasa la nne kazi ile ilikuwa imeshakuwa yangu. Niliipenda, hasa miezi ya baridi, upepo wa Ufipa unapopenya hata ndani ya blanketi, mtu unapata sababu halali ya kukaa karibu na jiko la mkaa.

Sheria moja nyumbani haikuwa na mjadala: kitu cha ghalani hakiingii jikoni. Mahindi ya kule yalipakwa dawa ya unga dhidi ya wadudu, na koti la kazi la baba lilinuka dawa ile hata likifuliwa. Mwaka mmoja kibarua alimgawia jirani yetu chenga zilizofagiwa sakafuni ghalani. Akawapa kuku wake. Asubuhi tuliwakuta sita wamelala ubavu, miguu imekakamaa, na yule mama mwenye utani siku hiyo hakutania. Mimi niliwaona kwa macho yangu. Niliwaota muda mrefu baadaye.

Mwaka ninaokusimulia ulikuwa ule ambao wafanyabiashara binafsi walianza kununua mahindi shambani kwa watu. Malori yao yalipita na magunia juu hadi yanayumba, sisi watoto tukayapungia mikono. Wakubwa walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini juu ya soko huria na kupunguzwa kazini. Wiki moja baba alirudi na boksi, ndani yake koti lake limekunjwa vizuri. Mama alilitazama boksi, akalisukuma chini ya kitanda, akaendelea kuchagua maharage.

Siku mbili tatu baadaye mama alikwenda msibani Mpui. Saa kumi jioni baba akaja na mgeni, bwana mkubwa kutoka makao makuu aliyekuwa amekuja kukagua ghala. Nilipiga magoti kidogo, nikasema shikamoo, na baba akaniambia kwa upole ambao si wa kila siku, "Mama, tutengenezee kahawa. Ile nzuri."

Nikaelewa kwamba mambo ni makubwa. Nikakoka moto, nikaweka maji, nikachukua kitambaa cha kuchujia nikisuuze, kikachanika. Kilikuwa kimezeeka, kilipasuka kutoka mdomoni hadi chini. Nikakimbilia chumbani kutafuta kitambaa cheupe. Kwenye nguo za mama hakuna. Nikavuta boksi chini ya kitanda, nikainua koti, na chini yake nikaona mfuko mdogo mweupe wa pamba, una pindo mdomoni kama vile ulishonwa kwa kazi ile ile. Ulinuka dawa. Nilijiambia ni koti ndilo linalonuka. Nataka nikuambie kweli, nilijiambia hivyo mara mbili, kwa haraka, kwa sababu maji yalikuwa yanachemka na wanaume walikuwa wamenyamaza sebuleni. Nikaugeuza mfuko mshono uwe nje kama nilivyofundishwa, nikapitisha waya, nikatia kahawa, nikamimina.

Ikatoka nzuri, nyeusi, safi. Nikaipeleka kwa sinia, vikombe viwili na nyingine ndani ya birika dogo. Nikarudi jikoni kumwaga machicha. Nikaugeuza mfuko ndani nje ili niufue, na pale kwenye kitambaa kilicholowa nikaona mhuri wa bluu wa ghala, ambao kwa haraka yangu sikuuona mwanzo. Ulikuwa mfuko wa kubebea sampuli za mahindi.

Sijui kama umewahi kuogopa hadi masikio yakaziba. Niliona kuku. Niliona baba amelala ubavu kwenye kochi na yule bwana kando yake. Nilitakiwa nipige hatua tano tu, nifungue mdomo niseme msinywe. Sikuzipiga. Nilimwogopa mgeni, niliogopa kumwaibisha baba siku ile kati ya siku zote, na zaidi ya hayo, nakiri kwa aibu, niliogopa fimbo. Nikasimama nyuma ya pazia la mlango nikawatazama wanakunywa. Baba alikunywa polepole, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Mgeni alisifu.

"Kahawa hii kaipika nani?"

"Binti yangu," baba akasema.

"Basi aniongezee."

Baba akaniita. Nikaingia, nikanyanyua lile birika dogo, nikaliachia. Lilianguka miguuni kwangu na kahawa yote ikaenda sakafuni. Mguu uliungua, kovu bado ninalo, lakini wakati ule sikusikia maumivu. Baba alinikemea mbele ya mgeni, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Nililia, na wao wakadhani ninalilia kuungua. Mgeni akasema si kitu, akaangalia saa, akaaga. Alipoondoka tu nikautumbukiza mfuko kwenye shimo la choo.

Kutoka saa ile nilimfuata baba kama kifaranga. Akikohoa, moyo unaruka. Akikaa kimya, namuuliza swali lolote ili nisikie sauti yake. Jirani yetu, yule mama wa utani, alikuja kunipaka asali mguuni, nikataka kumwambia, nikamuuliza tu kuku wake walichukua muda gani hadi kufa. Akanishangaa. "Mwanangu, hao kuku umewakumbuka leo?" Usiku nilipitiwa na usingizi nimekaa mlangoni kwa baba, na kabla sijalala nilimwahidi Mungu mambo mengi ambayo sikuyatimiza.

Alfajiri nilisikia jembe. Baba alikuwa uani anagongea mpini, mzima wa afya, anapiga mluzi kwa meno kama kawaida yake. Nikatoka mbio nikamkumbatia kiunoni, akacheka, akauliza kama ni mguu au ni njaa. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimeipata tena. Nikamsindikiza hadi barabarani, anakwenda shamba, nikarudi nikiruka kwa mguu mmoja. Haikunijia hata kidogo kwamba ilikuwa siku ya kazi, na kwamba mtunza ghala siku ya kazi habebi jembe.

Siri ile niliibeba hadi nikawa mke wa mtu. Nilimwambia baba akiwa mzee, siku moja tumekaa juani, namchujia kahawa. Nilimweleza yote, na fimbo niliyoiogopa nikamweleza. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Ule mfuko niliutafuta mwaka mzima. Nilimgombeza mama yako bure, Mungu amrehemu."

Akacheka sana hadi akafuta macho. Kisha kicheko kikaisha, akakaa anatazama kikombe.

"Haukuwa na dawa, mama. Ulikuwa mpya, niliuchukua uwe ukumbusho nilipoona kazi inakwisha. Msimu ule hatukupokea hata gunia moja. Na huyo bwana alikuwa ameshanipa barua ya kupunguzwa kazi, tulipokuwa njiani kuja nyumbani. Nilikuwa nayo mfukoni. Nilimkaribisha kwa sababu nilishasema nitamkaribisha, na kwa sababu sikujua nitaingiaje mlangoni peke yangu."

Siku ile nyumbani kwetu watu wawili walikuwa wanaogopa, na mimi nilidhani ni mmoja. Nilikitazama kikombe mikononi mwake nikikisubiri kimuue, wala sikuona kwamba alikishika kwa mikono miwili ili kisitetemeke.

Baba naye ameondoka. Kinu kilipasuka zamani, jirani wa utani amezikwa kwao, na ghala mara ya mwisho nililiona limekuwa karakana ya malori. Kahawa ya Mbozi sasa inauzwa ndani ya pakiti zenye picha. Binti yangu ananiitia kikombe, anasema itapoa. Nakwenda. Ila akigeuka tu kuchukua sukari, naichukua ile karatasi yake iliyolowa, naifungua taratibu na kuitazama ndani. Haina mhuri, ni machicha ya kahawa tu, na mikono yangu miwili inaishikilia.